Uhuru wa Gari Binafsi

Tangu Juni 2024, treni ya umeme huifikisha familia Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa takriban saa mbili, lakini baba mwenye gari huing'ang'ania barabara, yenye urefu wa kilomita zinazokaribia 200, kwa hoja ya uhuru, yaani haki ya kusimama popote apendapo. Haki hiyo, hata hivyo, hutumiwa zaidi na abiria wa miaka mitatu, ambaye hubanwa na haja ndogo Kibaha, hutapika maziwa ya asubuhi kabla ya Mlandizi, na akifika Chalinze, njia panda ya kwenda Tanga, hulilia mahindi ya kuchoma anayoyakataa mara tu gari linapoondoka. Dereva, aliyeapa kufidia muda uliopotea, husimamishwa na trafiki mwenye tochi, kile kifaa cha kupimia mwendo, katika eneo la kilomita 50 kwa saa, na karatasi ya faini hukabidhiwa mama aihifadhi pamoja na nepi. Milima ya Uluguru inapojitokeza, nayo ndiyo iliyotajwa kuwa sababu ya safari nzima, watoto huwa wamelala fofofo, na baba hukanywa asithubutu hata kupiga honi.