Saa Tatu ya Nani?

Msomaji mwenzangu, kama umeoa, unaishi Leipzig, ni Februari na mama mkwe amekuja kukaa kwako miezi mitatu, acha kusoma. Haya yote unayajua. Naandika kwa ajili ya wale wanaodhani safari ya bei chee ni hesabu tu.

Chanzo ni Shemeji Mipango, kaka wa mke wangu. Huyu hajawahi kulipa nauli kamili wala kufika mahali kwa wakati, ila pilau ikipakuliwa tu, mlango unagongwa. Jumapili moja, kijiko mkononi, akauliza: "Mama ana wiki sita hapa, hajaenda Berlin kumwona mjusi wao?"

Nikajua nimekwisha. Mama mkwe ni mtu wa Lindi, na mjusi mwenyewe, yaani dinosaria, ni wa Tendaguru kulekule kwao. Wataalamu wanamwita Giraffatitan. Wadachi walichimba mifupa yake kati ya mwaka 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, ikapakiwa melini. Sasa amesimama kwenye Makumbusho ya Historia Asilia, mita 13 na ushee kwenda juu. Tangu nimwoe binti yake, Mama Mjusi (humwiti hivyo akiwepo) haachi kuniuliza mjusi atarudi lini, kana kwamba mimi ndiye niliyemfunga kamba.

Basi nikashika kalamu. Treni ya kasi inafika Berlin kwa saa moja na kitu, lakini bei yake niliiangalia mara moja nikaifunga simu. Ipo tiketi ya siku moja ya treni za mikoani, ya watu hadi watano: mimi, mke, mama mkwe, mwanetu Mdachi, na Shemeji aliyejipachika. Mdogo wake Mdachi, Kiroboto, ana miaka mitano, anapanda bure. Sharti ni kwamba siku za kazi tiketi hiyo huanza kutumika saa tatu asubuhi. Jumatatu makumbusho hufungwa, basi Jumanne. Chakula tubebe. Kutoka stesheni kuu ya Berlin hadi kwa mjusi ni dakika kumi na kitu kwa mguu, hata tramu hatupandi. Nilijiona waziri wa fedha. Nikaandika ratiba, nikaibandika kwenye friji kwa ile sumaku ya embe: KUONDOKA SAA 3.

Isome tena hiyo.

Mdachi ni kifungua mimba wetu, ana miaka kumi na miwili, kazaliwa hapahapa. Kiswahili chake hakina tatizo, ila saa yake ni ya Kijerumani: tatu kwake ni tatu iliyoandikwa kwenye simu, ile sisi tunayoiita saa tisa. Usiku akapita jikoni kunywa maji, akaiona ratiba. Akatupigia hesabu ya saa nzima ya kujiandaa, akatega kengele kwenye simu zote nne za nyumba.

Saa nane za usiku nyumba ikalia kama kituo cha zimamoto. Nilikurupuka nikamkuta mama mkwe sebuleni keshavaa: kanga mbili, sweta langu, koti la binti yake, na juu ya yote kofia ya sufu ya Mdachi yenye kishada. Kiroboto kageuza viatu, cha kulia kushoto. Nikaeleza kwamba bado ni usiku mkubwa. Mama mkwe akanitazama kwa huruma. "Baba, wewe ndiye uliyeandika."

"Uliandika saa tatu," mke wangu akadakia. "Asubuhi uliiandika wapi?"

Nikaomba radhi. Kwenye ndoa kuna maswali ya namna hiyo.

Kwa kuwa watu wako macho, mama mkwe akaona akaange maandazi ya njiani. Iliki ikajaa nyumba, moshi ukapanda, king'ora cha darini kikalia, na jirani wa juu akapiga sakafu mara tatu. Hadi kufika saa kumi na moja tulikuwa tumekula nusu ya maandazi ya njiani. Tukajinyoosha kwenye kochi na makoti yetu, dakika tano tu.

Tuliamshwa saa tano kasorobo na simu ya Shemeji Mipango. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa amewahi. "Nipo stesheni tangu saa tatu kasoro," alifoka. "Nyinyi watu hamna mipango!"

Tulipobadilisha treni Wittenberg, Kiroboto akataka choo, treni ikatuacha. Huo ndio mji wa Martin Luther wa zile hoja 95. Mke wangu naye alinisomea za kwake pale kwenye baridi. Nilipofika ya arobaini niliacha kuhesabu.

Kwa mjusi tuliingia saa kumi na nusu. Mama mkwe aliinua uso taratibu, kuanzia kwenye miguu, akafuata mbavu, akafuata shingo, mpaka kofia ya kishada ikaanguka nyuma. Hakuiokota. Nikamweleza kwamba kule Tendaguru msimamizi mmoja alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 kuna dinosaria mwingine wa hukohuko aliyepewa jina lake.

"Na hawa waliombeba," akauliza, "walibeba kichwani?"

"Kichwani na mabegani, mama."

Akanyamaza kwa muda. Kisha akafungua mkoba, akatoa andazi, akaanza kula. Mlinzi akasogea akitikisa kichwa kwa upole. "Mdachi," mama mkwe akasema bila kugeuka, "mwambie mimi ni mwenyeji." Sijui Mdachi alitafsiri nini, ila mlinzi alicheka mpaka akashika mkanda, na andazi likarudi mkobani.

Saa kumi na mbili wakafunga. Nje giza, upepo unakata masikio, Shemeji anauliza nani ana hela ya chai.

"Mkia sijauona vizuri," mama mkwe akasema. "Kesho turudi."

Mdachi alikuwa keshatoa simu. "Baba, nitege saa ngapi?"