Jinsi ya Kuamua Kesi ya Mchicha na Sukuma Wiki

Kwanza hakikisha pande zote mbili zimefika. Mtanzania akae na mchicha wake, Mkenya na sukuma wiki yake, na mwenye njaa asipewe kiti cha mwamuzi, maana atatoa hukumu kabla ya ushahidi. Kesi hii imeharibu mazungumzo mengi mazuri ya mchana huku na huko mpakani Namanga, na mwamuzi asiyejiandaa huishia kuambiwa hajui kupika.

Anza na takwimu. Katika gramu 100 za majani mabichi, mchicha una kalsiamu miligramu 215 hivi. Sukuma wiki hufika 230 au zaidi. Protini ni gramu 2.5 kwa mchicha na karibu 3 kwa sukuma wiki. Mkenya ataanza kutabasamu. Mwache afurahi kidogo, kisha soma madini ya chuma: mchicha miligramu 2.3, sukuma wiki haifiki 2. Sasa Mtanzania atasimama. Mkalishe. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji miligramu 18 hivi za chuma kwa siku, kwa hiyo hakuna sahani ya majani itakayomtosha peke yake. Waagize wote wawili wapike na maharage.

Usifunge kesi hapo, kwa sababu kilichomo kwenye jani si lazima kiingie mwilini. Mchicha una oksaleti nyingi, nayo huishika kalsiamu ikapita tumboni bila kufyonzwa. Spinachi, ya ukoo mmoja na mchicha, imepimwa sana kwa jambo hili: mwili huambulia kama asilimia 5 tu ya kalsiamu yake, ilhali kwa jamii ya sukuma wiki huchukua asilimia 40 hivi. Kwa upande wa mifupa, basi, mpe ushindi sukuma wiki bila kigugumizi, hata kama mama yako ni mtu wa Morogoro.

Mtanzania atakata rufaa: “Sisi tunachemsha kwanza, maji tunamwaga!” Ipokee rufaa hiyo nusu. Ni kweli oksaleti hutoka na maji, na aliyewahi kuugua mawe ya figo ana sababu nzuri ya kuyamwaga. Lakini vitamini C na foleti nazo zinakwenda na maji hayohayo, na vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kunyonya chuma ambacho Mtanzania alikuwa akijivunia. Mwamuru achemshe kwa muda mfupi, kisha akamulie ndimu mezani.

Mkenya asicheke. Yeye hununua sukuma iliyokatwa tangu asubuhi, nyembamba kama uzi, anaiosha ikiwa imeshakatwa, halafu anaikaanga mpaka ibadilike rangi. Kila hatua kati ya hizo tatu hupunguza vitamini C. Anunue majani mazima, ayaoshe, ndipo ayakate. Mama mboga akishangaa, aambiwe ni kwa kuvihurumia vidole vyake.

Kuhusu mafuta hakuna wa kulaumiwa: tui la nazi la mmoja na kijiko cha mafuta cha mwingine vyote husaidia mwili kupata vitamini A kutoka kwenye majani. Wa kuonywa ni yule anayechemsha mboga kavukavu na kusema anajali afya.

Sasa iondoe chupa ya chai mezani. Fanya hivyo mapema, kabla mtu hajamimina, maana hapa Mkenya na Mtanzania wataungana dhidi yako. Chai, ya rangi au ya maziwa, huzuia chuma cha mboga kufyonzwa. Irudi saa moja baada ya chakula. Na kama nyumbani kuna mjamzito, au mtu aliyeambiwa damu yake ni pungufu, rekebisheni hili la chai kwanza, ndipo mrudi kubishana juu ya mboga.