Mimba ya Mdomoni

Mama mkwe alipowasili kutoka Pangani, salamu hazijatulia vizuri akaulizia ndoo. Alitaka kumwaga maji ya tangi langu la samaki, ambayo kweli yana rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba rangi hiyo naitafuta mwenyewe, kwa majani makavu ya mkungu. Samaki hawa, Betta albimarginata, kwao ni vijito vya msituni Kalimantan, kisiwani Borneo, ambako majani yaliyoanguka hukoleza maji. Kuna wafugaji wanaonunua majani ya mkungu kwa pakiti. Hapa Tanga nayaokota bure chini ya mti wa jirani. Gharama yake ni kudhaniwa mganga.

“Si wale wenye mapezi ya kuburura?” akauliza. Si wale. Wale ni wa Thailand, wamefugwa wakapambwa, na mwaka 2019 serikali ya huko ikawafanya mnyama wa majini wa taifa. Wangu ni wa mwituni, wadogo, hawana makuu.

Ila wana mambo. Jike akishataga, huyaokota mayai kwa mdomo na kumtemea dume, naye huyadaka na kuyahifadhi kinywani. Wiki mbili hivi hali kitu. Mama mkwe, ambaye hili sikuwahi kumgusia, aliona tu kidevu kimevimba na chakula kinakataliwa. Niliporudi kazini nikakuta karafuu zinaelea.

“Jino hilo,” akasema.

Nikamfafanulia. Akavuta kigoda mbele ya kioo, akamtazama jike anavyofakamia viluwiluwi vya mbu.

“Na huyu bibi ndiye mama?”

“Ndiye, Mama.”

“Haya.”

Ijumaa tulikuwa na wageni. Betta ni warukaji, kwa hiyo tangi nalifunika kwa kawa. Mke wangu akalichukua kufunikia wali. Punde jike akaonekana ndani ya ndara ya mama mkwe, mzima wa afya, maana jamaa hawa wana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Nikamrudisha majini.

“Ungemwacha,” mama mkwe akasema. “Alikuwa anakimbia ndoa.”

Tukakaa kula. Nikaomba kuongezewa mchuzi. Mama mkwe akaniangalia, akaangalia tangi, akaniangalia tena.

“Baba, mwenzio wiki ya pili hii hajatia kitu tumboni.”

Bakuli likasogezwa upande wa wageni.