Kosa la Shilingi Mia Tano

Jumatatu

Nimeingia Dranya nimepakata jenereta ya mtu. Bodaboda ilitoka Koboko mjini na sisi watatu: dereva, mimi, na hiyo jenereta ambayo dereva aliiita "kamzigo". Ekzosi imenitoboa suruali chini ya goti la kulia. Mwenye jenereta alikuwa akitungoja njiani. Ana kibanda cha video. Habari ya suruali hakuuliza. Aliuliza kazi yangu. Nikamwambia nafundisha Kiswahili Arua, nimekuja kwa shangazi likizo. Akanipa mkono upya, kana kwamba tulikuwa bado hatujasalimiana.

Shida yake ni kwamba filamu zake zimetafsiriwa Kiluganda na ma-VJ wa Kampala, akina VJ Jingo, na hapa watu wanasikia Kikakwa, Kilugbara na Kinubi. Kiluganda wanacho wazee waliowahi kukata miwa Kakira na Lugazi. Kiswahili kila mtu ana chake: cha jeshini, cha sokoni, cha wakimbizi wa Congo walioko Lobule. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakuacha maagizo yoyote kuhusu vibanda vya video, kwa hiyo nimepatikana mimi.

Masharti: kiingilio ni shilingi mia tano. Chakula cha usiku kinatoka kwake. Mtazamaji akikasirika akadai pesa yake, inakatwa kwangu.

"Watu hukasirika?"

"Ni watu wazuri sana," akasema.

Jumanne

"Commando", ya mwaka 1985. Mchana niliitazama mara mbili peke yangu nikaandika majina: John Matrix, binti yake Jenny, adui Bennett. Nilijiona nimejiandaa kuliko mtafsiri yeyote wa filamu tangu Lufufu wa Dar es Salaam.

Nilipomtaja John Matrix, sauti ikatoka benchi la nyuma: "Huyo nani?" Nikamwonyesha. "Huyo ni Komando," akaniambia kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Likapita. Bennett alipotokea nikasema Bennett. Kibanda kikanyamaza, halafu kikalipuka.

Kumbe yule ni Sharubu. Kijana wa Lobule aliyekuwa akitafsiri hapa kabla yangu, ambaye siku hizi anafyatua matofali Arua, alimpa jina hilo kwa ajili ya masharubu yake, akampa na historia: Sharubu alikopeshwa ng'ombe wa mahari na Komando, akakataa kulipa. Vita yote ile ni deni. Watoto wa hapa wanaijua habari hiyo kuliko jedwali la kuzidisha. Mimi nilikuwa nimewaletea mtu anayeitwa Bennett, hana deni la mtu, anachukia watu bure.

Waliodai pesa: sita. Niliomba tungoje majina ya mwisho ili niwaonyeshe jina la Bennett lilivyoandikwa. Mwenye kibanda akazima jenereta majina hayajafika, kama afanyavyo kila siku. Petroli si maji.

Jumatano

Nimenunua daftari, nikaligawa safu tatu: makosa yasiyoonekana, makosa ya kuchekwa, makosa ya kurudisha pesa. Nataka kujua mpaka uko wapi kabla sijafilisika.

Usiku "Commando" tena, kwa ombi la watu, na safari hii Sharubu akaitwa Sharubu. Kuna mahali Komando anakuta gari la manjano, Porsche, limelala ubavu, analisimamisha kwa mikono yake. Ubavu wa kushoto umebonyea na kukwaruzika kuanzia mbele hadi nyuma. Akiingia na kuondoka nalo, halina hata alama. Kosa hili linajulikana dunia nzima. Nikasimamisha filamu, nikaenda mbele, nikalionyesha kwa kijiti.

"Amelitengeneza," akasema mama muuza njugu.

"Lini, mama?"

"Wewe ulikuwa unaongea."

Aliyeikasirikia Hollywood hakuwepo hata mmoja. Wawili walinikasirikia mimi kwa kusimamisha. Shilingi elfu moja.

Alhamisi

Mvua. Kibanda kina mabati, dari hakina. Kwa saa moja na nusu hakuna aliyesikia neno langu, hata mimi sikujisikia. Hakuna aliyedai kitu. Watu wawili walinisimamisha nje kuniambia kwamba naanza kuijua kazi.

Ijumaa

Jirani wa shangazi ni mwalimu mstaafu. Ana nakala ya "Mzimu wa Watu wa Kale" isiyo na jalada, ameifunika kwa ukurasa wa kalenda ya zamani, mwezi wa nane nje, mwezi wa tisa ndani. Muhammed Said Abdulla ndiye mwandishi wake. Haja ya kusema kingine hakuna, alivyoishika tu inatosha. Haiweki mezani mpaka meza ifutwe.

Nikataka kujionyesha msomi. Nikasema ni riwaya nzuri sana ya mwaka 1970. "Sitini," akasema bila kuinua macho. "Ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ikatoka sitini. Sukari vijiko vingapi?" Nikaona huyu ni mtu wa kusamehe. Nikaendelea. Nikasema ninachokipenda mimi ni vile Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, anavyowasha sigara yake kabla hajasema neno.

Akaweka birika chini.

"Kiko," akasema.

Nikakiri kwamba ndiyo, kiko.

"Umesema sigara."

Nikasema ulimi umeteleza. Akanitazama muda mrefu. Miaka kumi nilimkosesha akanitilia sukari. Nilipomnyang'anya Bwana Msa kiko, chai yangu ikabaki nusu kikombe mpaka ikapoa. Nadhani naelewa. Mwaka ni mali ya mchapishaji. Kiko ni cha Bwana Msa, na mtu aliyekuwa naye chumbani humo, taa imewashwa, Najum msaidizi wake pembeni, hawezi kukisahau. Kwa hiyo sikuwa nimekosea, nilikuwa nimedanganya kwamba niliwahi kuwepo.

Nikajaribu kusuluhisha. Nikamwuliza kama anayo "Kosa la Bwana Msa", ile ya 1984, aniazime. Akadhani naendeleza ugomvi. Nimetoka kwa mlango wa nyuma.

Usiku sikulala upesi. Nilimfikiria Watson, rafiki wa Sherlock Holmes. Conan Doyle mwaka 1887 aliandika kwamba risasi ya vita ilimpiga Watson begani. Mwaka 1890 jeraha likawa mguuni. Mahali pengine mke wake anamwita James, na yeye ni John. Wasomaji wa Sherlock Holmes hawakuandamana. Wamekaa zaidi ya miaka mia wakimtengenezea: risasi zilikuwa mbili, James ni jina la kubembelezana, na kadhalika. Ni mama wa njugu yuleyule na Porsche yake. Lakini jaribu wewe kusema mbele yao kwamba Watson alikuwa mpumbavu.

Nimeandika daftarini: mwenye hadithi akikosea, wapenzi wanamsitiri. Mpita njia akikosea, analipa. Nikalala nimeridhika na hiyo kanuni.

Jumamosi

Kanuni imedumu saa kumi na tisa.

"First Blood", ya 1982, ambayo hapa inaitwa Rambo ya kwanza. Kibanda kilijaa, wengine walikalia ndoo. Nilitafsiri vizuri ajabu. Sikumbadilisha mtu jina, sikusimamisha, walicheka nilipotaka wacheke. Filamu ilipoisha ugonjwa wa ualimu ukanipanda. Nikasema, kwa faida yenu ndugu zangu, hadithi hii ni ya kitabu cha David Morrell cha mwaka 1972, na ndani ya kitabu Rambo anakufa. Anapigwa risasi na Trautman mwenyewe, mkubwa wake. Na hata kwenye filamu walikuwa wameshapiga sehemu ya kufa kwake, wakaitupa kwa sababu watazamaji wa kwanza hawakuipenda.

Hayo yote ni kweli tupu.

Waliodai pesa: kumi na tisa. Mmoja alitaka kujua huyo Morrell anakaa wapi. "Steringi hafi," akaniambia kijana mmoja polepole, kwa sauti ya kumkumbusha mtu aliyepita wazee bila shikamoo. Mwenye kibanda, ambaye kwa kawaida hana maoni ya sanaa, aliuliza swali ambalo bado silijibu: "Hao wa Marekani walioonyeshwa kwanza wakakataa, wakasikilizwa. Sisi tumekosa nini?"

Daftari halina safu ya mambo ya kweli. Nimepiga mstari wa safu ya nne.

Jumapili

Hakuna onyesho. Shangazi amenishonea tundu la suruali kwa uzi wa kijani. Suruali ni ya kahawia. Nimemshukuru sana.

Jumatatu

Walioagiza "The Last King of Scotland" ni wao, si mimi. Niliogopa tangu asubuhi, hata enyasa, ugali wa huku, haikushuka. Tuko Koboko, kwa Wakakwa wenzake Amin. Humu mtu hakumsoma Amin gazetini. Nikaona nitangulize makosa yote kabla ya kuwasha, ili hasira iishe mapema. Nikawaambia: huyo daktari Garrigan mnayemwona hakuwahi kuzaliwa, alitungwa na Giles Foden kwenye riwaya yake ya 1998. Ndege ya mateka wa Entebbe ya mwaka 1976 anayotorokea, hakuna abiria kama yeye. Mapenzi yake na Kay, mke wa rais, ni ya kutunga. Forest Whitaker, aliyepata Oscar mwaka 2007 kwa kuwa Amin, ni Mmarekani.

Nikangoja. Watu wakatafuna njugu.

Mbele kabisa kulikuwa na mzee mmoja mwenye koti la kijeshi lisilo na vifungo. "Mzungu lazima awekwe ndani," akasema. "La sivyo kamera itamwangalia nani?" Wenzake wakakubali. Daktari akapita.

Kuna dakika fulani katikati ya filamu sikutafsiri. Hakuna aliyeniambia ninyamaze, na hakuna aliyeniuliza mbona nimenyamaza. Baada ya Amin kuangushwa 1979 familia nyingi za huku zilikimbilia Congo na Sudan, na waliokuwa watoto wakati ule ndio waliokalia benchi za mbele usiku wa leo. Hata mama wa njugu aliacha kukunja karatasi.

Kisha nikaharibu. Whitaker alikuwa anacheka kile kicheko chake, nikataka kuchangamsha watu, nikasema: "Mtazameni huyu mtu wa Arua!"

Sijawahi kusikia kibanda kikitoa sauti ile. Koboko ilipata wilaya yake mwaka 2005. Kabla ya hapo ilikuwa ndani ya wilaya ya Arua, na watu waliokaa humu waliishi miaka mingi wakiandikwa Arua kwenye kila karatasi waliyopewa. Walidai wote. Shangazi yangu, aliyeingia bure, alidai.

Mzee wa koti alikuja wa mwisho kupokea yake. "Mwalimu," akasema, "daktari wa uongo tumekuachia. Na Koboko nayo unaitaka?"

Jumanne

Nimebakiwa na shilingi elfu mbili na usiku mmoja. Filamu ni "Who Killed Captain Alex?" ya Nabwana, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010. Hii watu wanaipenda kuliko zote kwa sababu helikopta yake wanajua haikuwepo. Tayari ina sauti ya VJ Emmie, anayepiga kelele juu ya kila risasi, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumtafsiri mtafsiri.

Mwenye kibanda alinivuta kando mapema. "Ikiisha watauliza ni nani aliyemuua."

"Filamu haisemi."

"Najua haisemi. Nakuambia watauliza."

Kwa daftari langu, kila jibu hapa ni kosa, maana jibu halipo. Na kusema halipo ni kweli, na kweli ilishanigharimu kumi na tisa. Filamu ikaisha. Taa ya simu ya mtu ikanimulika usoni. Wakauliza.

"Sharubu," nikasema.

Kimya. Nikaanza kuhesabu elfu mbili mfukoni kwa vidole. Halafu mama wa njugu akapiga kofi pajani: "Ng'ombe wale!" Kibanda kizima kikaona. Kumbe Alex alikuwa amempeleka kudai deni. Kumbe ndiyo maana aliuawa usiku. Walitoka wakielezana, wengine wakirudia kunielezea mimi. Hakuna aliyedai hata mia. Nimelala saa saba.

Jumatano

Nimefunga begi. Wakati nangoja bodaboda mzee wa koti amekuja, amekaa kwenye mzizi wa mwembe, ameulizia afya ya shangazi, ya kuku, ya jenereta. Kisha akasema amelala akifikiri. Sharubu, mwisho wa "Commando", anachomwa na bomba la chuma kifuani hadi mvuke unatokea upande wa pili. Yeye mwenyewe aliuona ule mvuke. Na "Commando" ni ya 1985, mimi ndiye niliyesema. Sasa mtu huyo amemuuaje Alex mwaka 2010?

Nikasema labda bomba halikugusa moyo.

Akalipima jambo hilo kwa uaminifu kabisa. "Limegusa," akasema.

Nikatoa mia tano nikampa kwa mikono miwili. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani, hakuondoka.

"Na ile ya Arua?"

"Ile nilikurudishia juzi, mzee."

"Ulinirudishia pesa," akasema.