Mganga Hajigangi

Mwaka 2020 Zoom ilitufunza kuhudhuria kikao juu koti, chini msuli. Tukakariri na kiitikio chake: “Mnanisikia?” “Umezima maiki, mkuu.” Jogoo wa jirani akawa mjumbe wa kudumu, tena ndiye pekee aliyechangia bila kuombwa. Kikao cha bure kilikatika dakika ya 40, na kwangu hiyo ndiyo huduma yao bora kuliko zote, maana sijapata kumwona mwenyekiti aliyejikatisha mwenyewe.

Basi Agosti 2023 kampuni hiyohiyo, iliyotajirika kwa kutubakiza nyumbani, ikawaagiza wafanyakazi wake wanaoishi ndani ya maili 50 kutoka ofisini warudi kazini walau siku mbili kwa wiki. Ana kwa ana.