Moshi wa Gari Lisilo na Moshi

Fedheha ya gari la umeme huingilia mlango uliofunguliwa na majigambo. Mtu amewahubiria majirani zake wa Nyali, Mombasa, mpaka wamechoka: halina ekzosi, halinywi petroli, halidai oili, na breki zake haziliki. Kisha analiegesha mbele yao na gurudumu la nyuma linafuka moshi. Swali linalofuata linaulizwa kwa adabu, na ndiyo maana linauma: "Bwana, na moshi huo watoka wapi?" Watoka kwenye zile breki zisizolika. Kalipa, kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, imeganda, pedi zimeing'ang'ania diski, na safari nzima gari limekwenda huku limejishika. Ninachoshikilia ni kwamba breki hizi hazikuchoka. Zimeharibiwa na kukosa kazi, na anayetuuzia sifa ya kutolika alipaswa kututajia na bei yake.

Sifa yenyewe ni ya kweli, na inapendeza. Dereva akiondoa mguu kwenye pedali ya mwendo, mota inageuka jenereta: sasa magurudumu ndiyo yanayoizungusha, gari linapunguza mwendo bila breki, na umeme unarudi kwenye betri. Gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya karibu uniti 0.16 za umeme. La petroli huitupa yote iwe joto. La umeme hujirudishia sehemu kubwa. Ila kalipa ilibuniwa kwa kutegemea kazi. Ndani yake mna pistoni inayosukumwa na mafuta ya breki, na pistoni hiyo imevishwa sili ya mpira yenye ujanja wa kustaajabisha: pistoni ikitoka, sili inapinda nayo, mguu ukiachia, sili inajinyoosha na kuirudisha nyuma kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Springi haimo. Kipande cha mpira kikinyooka, gari linakwenda. Kisiponyooka, linafuka moshi. Kalipa nzima nayo huteleza juu ya pini mbili zenye grisi ili pedi ya upande wa pili ibane na kuachia pia. Kila breki ya nguvu huikwangua diski kutu, huufukuza unyevu kwa joto, na kuzisogeza pini zisilale. Ikikosekana miezi kadhaa, grisi inakauka, kutu inavimba kati ya pedi na kishikio chake, na mpira uliozoea kurudisha pistoni unashindwa nguvu. Mafuta ya breki nayo hunyonya maji ya hewani hata yakikaa bure: kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yaliyokwisha kunyonya maji yanaruhusiwa kuchemka kwenye 155. Breki hizi ni kama sufuria la shughuli, linakaa stoo mwaka mzima, na kutu yake huonekana siku ya harusi wageni wakiwa wameshaketi.

Kuna atakayesema gari hilo limejaa vihisio, lingetuonya. Kihisio cha pedi, pale kilipo, huonya pedi ikiwa nyembamba, na hizi ni nene, zinanawiri. Vihisio vya magurudumu hulinganisha kasi, na gurudumu linaloburuta pedi huzunguka sawa na wenzake. Kinachoonekana kwenye skrini ni umeme kuisha upesi, basi lawama inaiangukia betri, na mtu anaanza kuulizia bei ya betri kwa sababu ya pini mbili. Kumbe kulitambua tatizo hakuhitaji kompyuta. Endesha mwendo bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, kisha pima joto la diski zote kwa kipimajoto kisichogusa. Kidole si kipimajoto. Inayowaka kupita mwenzake wa upande wa pili ndiyo mkosaji. Inua gari kwa jeki mahali palipoonyeshwa, kamwe si chini ya betri, na uzungushe gurudumu kwa mkono.

Fundi anayelikimbia gari hili kwa kuogopa kurushwa anaogopa upande usio wake. Nyaya za volti kubwa zimevishwa rangi ya chungwa, na kwenye kalipa hazifiki. Cha kujihadhari nacho ni breki ya mkono ya umeme: iwekwe kwanza katika hali ya matengenezo, la sivyo kuilazimisha pistoni irudi kutavunja kimota chake. Baada ya hapo ni kazi ya gereji yoyote: kalipa ifungwe kwa waya isining'inie kwenye hosi, kishikio kipigwe brashi ya chuma, pini zisafishwe na kupakwa grisi ya silikoni, kwani ile ya petroli huvimbisha mpira. Pistoni iliyotobolewa na kutu haibembelezwi, inabadilishwa.

Au basi, ili kuyaepuka yote hayo, dereva afunge breki za nguvu mara moja moja, barabara ikiwa tupu. Shauri zuri, na nani alimpa? Tesla huagiza kalipa zisafishwe na kupakwa grisi kila mwaka au kila kilomita 20,000, kwa wanaoishi mahali ambapo barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Volkswagen waliipa ID.3 breki za ngoma nyuma, zilizofunikwa, wakijua jinsi breki za nyuma zinavyofanya kazi kidogo. Wahandisi wanajua, basi. Chumvi ya theluji imepewa sentensi yake katika kitabu cha mwongozo cha Tesla. Chumvi ya Bahari ya Hindi, inayotafuna mabati na madirisha ya Mombasa bila kungoja majira, haikupewa hata mkato. Mnunuzi wa gari kuukuu kutoka Japani anapokea redio inayomsemesha Kijapani, anaambiwa breki haziliki, na hapewi hata tarehe ya kuzifungua.