Geti la Geji 18

Geti langu la kusukuma liligoma Jumatatu alfajiri, gari likiwa ndani na mimi nikiwa nimeshachelewa. Lilikaa upande kama mlevi aliyeegemea nguzo ya umeme. Fundi wa kwanza kupatikana alishuka kwenye bodaboda akiwa na bisibisi moja. Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Fundi wa kuchomelea mwenye bisibisi tupu ni mvuvi mwenye mwavuli.

Akalizunguka geti, akaligonga, akatega sikio, akatikisa kichwa. "Bosi, hili limekufa. Fremu yote imechoka." Geti lina miaka 3! Mimi nina 52 na bado naamshwa niende kazini.

Akataja laki tisa, nikashusha hadi saba, nikajiona mjanja. Kisha akauliza: skwea paipu za geji 16 au 18? Nikajibu kwa sauti ya mtu asiyechezewa: "Mimi si wa kupigwa, fundi. Weka 18!" Akanitazama kidogo. "Hapo umeongea, bosi." Hata mama mkwe hajawahi kunisifu hivyo.

Nilikuja kujua baadaye kwamba kwenye chuma, namba ya geji ikipanda, unene unashuka. Geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 ni kama 1.2. Yaani nimebishana mpaka jasho ili niuziwe chembamba. Aliyepanga hesabu hizo naamini naye alikuwa fundi.

Vifaa vikataka laki nne za kuanzia. "Weka na ya kutolea, bosi." Nikaweka. Jumanne yupo mtaa wa Gerezani anachagua paipu. Jumatano bado anachagua. Nadhani alikuwa anazisalimia moja moja. Alhamisi umeme umekatika. Ijumaa amefiwa na shangazi. Jumamosi shangazi yule yule amelazwa, na kama inawezekana niongeze elfu hamsini. Jumapili akapokea yule dada wa mtandao, kunijulisha kwamba namba ninayopiga haipatikani.

Jirani akaniletea kijana mmoja wa mtaani. Hakusema limekufa wala limechoka. Alilala kifudifudi mchangani, akachokonoa reli, akatoa vizibo viwili vya soda na mchanga wa kujengea banda la kuku. Kisha akafungua gurudumu la chini, akaniwekea beringi kiganjani: ganda limepasuka, zimebaki gololi tatu zenye kutu. "Ugonjwa huu hapa, mzee." Beringi elfu nane, akaniletea na risiti bila kuombwa, ufundi elfu kumi na tano. Akala na chapati mbili, geti likateleza.

Jioni mama watoto, ambaye tangu Jumatatu alikuwa ananitazama tu, akauliza zile laki nne ziko wapi.

"Ziko Gerezani."

"Na fundi?"

Huyo ndiye hayuko.